Istilahi za Lahajedwali: Wigo Wenye Jina, Sharti na Utafutaji Jedwalini

1. Utangulizi

Katika kila shule na kila ofisi ya nchi yetu liko jedwali ambalo mtu fulani analitegemea kwa cheti chake, kwa mshahara wake au kwa dawa yake. Mwalimu wa taaluma hulitumia kupanga madaraja ya wanafunzi. Mtunza ghala hulitumia kujua bei na idadi ya dawa zilizobaki. Mhasibu hulitumia kukata makato ya mishahara. Zamani majedwali hayo yalichorwa kwa rula katika madaftari makubwa. Siku hizi aghalabu huandikwa katika kompyuta, kwa programu za lahajedwali.

Makala haya yanakusudia kujadili istilahi chache zinazohusu kazi moja tu ya lahajedwali, nayo ni kutafuta jambo katika jedwali moja na kulileta katika jedwali jingine. Hayakusudii kuchukua nafasi ya vitabu vya mafunzo ya kompyuta. Yanakusudia kumsaidia mtafsiri anayeandika mwongozo, mwalimu anayewafundisha wenzake, na mtumishi wa umma anayetoa maelekezo kwa walio chini yake. Katika kazi hii neno lililochaguliwa vibaya lina madhara ya pekee: mtu hufuata maelekezo kwa uaminifu wote, akapata jibu lisilo sahihi, na kompyuta isimwonye.

Mifano yetu tutaiweka Tosamaganga, mkoani Iringa, mahali panapofahamika tangu enzi za misheni kwa shule na hospitali. Shule na hospitali ndizo taasisi mbili ambazo jedwali likikosewa humgusa mwananchi moja kwa moja. Takwimu za wanafunzi tutakazotumia ni za kubuni, lakini mizani ya madaraja ni ile ya Baraza la Mitihani la Tanzania.

2. Historia fupi

Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka miwili kabla ya sheria iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Programu ya kwanza ya lahajedwali kwa kompyuta ndogo, VisiCalc, iliyotungwa na Dan Bricklin na Bob Frankston huko Marekani, ilitoka mwaka 1979, yaani wakati mlango wetu ungali umefungwa. Ikafuatwa na Lotus 1-2-3 mwaka 1983 na Excel mwaka 1985. Zana hizo zilipotufikia kwa wingi zilikuwa zimekwisha kukomaa, na msamiati wake wote ulikuwa wa Kiingereza.

Juhudi za kuitafsiri zana yenyewe, si vitabu vyake tu, zilikuja baadaye. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye lahajedwali ndani yake, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hata hivyo, mwalimu aliyekaa mbele ya kompyuta leo kwa kawaida huandika amri za Kiingereza, kama vile VLOOKUP na IF, na huzieleza kwa mwenzake kwa Kiswahili. Si lazima iwe hivyo daima: Mjerumani huandika WENN mahali pa IF, na Mfaransa huandika SI. Lakini maadamu amri zingali za Kiingereza, mzigo wote wa kueleweka unaangukia maelezo ya Kiswahili. Hayo ndiyo tunayoshughulikia hapa.

3. Sehemu za jedwali

Neno lahajedwali limeundwa kwa kuambatanisha laha, yaani karatasi iliyo tupu, na jedwali. Limezoeleka na halina ugomvi. Vivyo hivyo seli, kwa maana ya chumba kimoja cha jedwali, limekwisha kuingia maofisini; wapo wanaopendelea kisanduku, nalo si kosa. Seli ya biolojia na seli ya jedwali hazikutani katika sentensi moja, kwa hiyo hakuna hatari.

Hatari iko katika neno safu. Askari wakijipanga bega kwa bega, wamesimama safu. Milima inayofuatana ni safu ya milima. Lakini msomaji wa gazeti husoma safu ya mwandishi fulani, na safu hiyo husomwa kutoka juu kwenda chini. Kwa hiyo neno moja limebeba mielekeo miwili. Mkaguzi akiandika, "Chukua alama zilizo katika safu ya tatu," mwalimu mmoja atachukua alama za mwanafunzi wa tatu katika masomo yote, na mwingine atachukua alama za wanafunzi wote katika somo la tatu. Wote wawili watakuwa wametii.

Baadhi ya watafsiri wamelitatua tatizo hili kwa kusema safu wima na safu mlalo. Suluhisho hilo ni sahihi, ila ni refu, na mtu akichoka huangusha neno la pili, akarudi kwenye utata uleule. Pendekezo letu ni kulitenga neno safu kwa mpangilio wa juu kwenda chini peke yake, na kuuita mpangilio wa kushoto kwenda kulia mstari. Walimu wengi husema tayari "mstari wa mwanafunzi fulani" wanaposoma karatasi ya alama. Wanaosema kolamu wanaeleweka, wala hatuna haja ya kuwasahihisha katika mazungumzo. Lakini katika maandishi ya kazi safu na mstari vinatosha, mradi visibadilishane nafasi.

4. Wigo na jina lake

Kundi la seli zilizopakana, kwa mfano zile zinazoanzia A2 hadi B6, linahitaji neno lake. Yamependekezwa maneno matatu.

La kwanza ni masafa. Hili tayari lina kazi mbili: umbali kati ya mahali na mahali, na masafa ya redio. Halina picha ya kitu kilichozungushiwa mpaka. La pili ni eneo. Linaeleweka upesi, lakini mwalimu wa hisabati atalipinga kwa haki, kwa kuwa kwake eneo la mstatili ni urefu mara upana. Mwanafunzi akiambiwa "tafuta eneo A2 hadi B6" anaweza kuanza kuzidisha. La tatu ni wigo. Siku hizi tumezoea kulisikia katika wigo wa kodi au wigo wa utafiti, lakini asili yake ni ua, boma la miti lililozungushiwa kitu ili kilicho ndani kijulikane na kilicho nje kibaki nje. Hiyo ndiyo picha tunayoitaka. Tunapendekeza wigo.

Wigo huweza kuitwa kwa anwani yake, A2:B6, au kupewa jina, kwa mfano Madaraja. Tofauti hiyo ina faida mbili.

Kwanza, jina halihami. Fomula iliyoandikwa kwa anwani ya kawaida, ikinakiliwa mstari mmoja chini, huhamisha anwani nayo: A2:B6 huwa A3:B7. Mwanafunzi wa kwanza husomewa jedwali zima, wa pili hukosa mstari wa kwanza wa jedwali, wa tatu hukosa miwili. Ipo alama ya dola ya kuizuia anwani isihame, $A$2:$B$6, lakini husahaulika. Jina likisha kutolewa kwa wigo, hubaki pale pale hata fomula ikinakiliwa mara elfu.

Pili, jina husomeka. Afisa elimu akikuta neno Madaraja ndani ya fomula atajua kinachotafutwa bila kumwita aliyeiandika. Hapa lugha yetu inaingia ndani ya kompyuta bila kungojea tafsiri ya programu, kwa sababu jina la wigo huchaguliwa na mtumiaji mwenyewe. Hakuna sababu ya kuandika jina la Kiingereza katika jedwali la shule ya Iringa.

Lakini programu ina masharti yake kuhusu majina, na baadhi yanaigusa tahajia ya Kiswahili. Jina halikubali nafasi. Maneno mawili huunganishwa kwa mstari wa chini, kama Bei_Dawa. Herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa sawa. Alama ya ritifaa hairuhusiwi. Kwa hiyo Ng'ombe litakataliwa, na mtumiaji atapaswa kuchagua neno jingine, kama Mifugo. Asiandike Ngombe, kwani tahajia hiyo si sahihi, na kosa likiingia katika jina litarudiwa katika kila fomula. Mwisho, jina lisifanane na anwani ya seli. Katika Excel ya sasa safu za lahajedwali huishia XFD, ambayo ni ya 16,384. Hivyo ufupisho KID3 kwa kidato cha tatu utakataliwa, kwa kuwa iko seli yenye anwani hiyo. Kidato3 litakubaliwa.

5. Utafutaji wa aina mbili

Anayetafuta jedwalini huwa na kitu mkononi, kwa mfano alama 68 au namba ya dawa, naye hutaka kujua kinacholingana nacho. Kile alicho nacho tunapendekeza kiitwe ufunguo. Programu huuchukua ufunguo, huupitisha katika safu ya kwanza ya wigo, na ikisha kuupata mstari unaofaa hurudisha kilichomo katika safu iliyotajwa.

Utafutaji huu ni wa aina mbili, na hapa tafsiri ya neno kwa neno imepotosha wengi. Aina moja hudai ufunguo ulingane sawasawa na kilichoandikwa. Huo tuuite utafutaji wa mlingano. Aina ya pili miongozo kadhaa huiita utafutaji wa kukisia au wa kukadiria. Msomaji akiona hivyo hudhani kwamba kompyuta inabahatisha, naye huikwepa. Kumbe haibahatishi hata kidogo. Hutafuta thamani kubwa kuliko zote zisizozidi ufunguo. Ni mithili ya mtu anayepanda ngazi: kama hajaifikia ngazi ya juu, yuko bado kwenye ile ya chini yake. Kwa hiyo tunapendekeza utafutaji wa ngazi.

Mizani ya kidato cha nne ni ngazi kamili. Iandikwe hivi, safu ya kwanza ikiwa mwanzo wa kila daraja:

0 — F
30 — D
45 — C
65 — B
75 — A

Ufunguo 68 unazidi 65 wala haujafika 75. Jibu ni B. Ngazi lazima zipangwe kutoka ndogo kwenda kubwa. Zikipangwa kinyume, majibu hayaaminiki. Na tazama kwamba jedwali halihitaji kuandika mwisho wa daraja, bali mwanzo wake tu.

Ghala la dawa ni jambo jingine. Dawa yenye namba 1042 haina uhusiano wowote na dawa yenye namba 1040. Mtunza ghala wa hospitali akitumia utafutaji wa ngazi, na namba 1042 haimo katika jedwali lake, programu itamletea bila kusita bei na idadi ya dawa 1040. Akitumia utafutaji wa mlingano, programu itasema wazi kwamba haikuipata. Katika amri VLOOKUP aina ya utafutaji hutajwa mwishoni, TRUE kwa ngazi na FALSE kwa mlingano. Na asiyetaja chochote hupewa utafutaji wa ngazi. Kwa sababu hiyo mwongozo wowote wa Kiswahili hauna budi kuagiza aina ya utafutaji itajwe kila mara.

6. Sharti: kufika na kupita

Fomula yenye sharti ni ile inayouliza swali kwanza, kisha ikatoa jibu moja kama ni kweli na jibu jingine kama si kweli. Kiswahili kina njia nyingi za kutaja sharti, lakini si zote zinafaa.

Viambishi -nge- na -ngali- havifai. "Alama zingefika 75, angepata A" humwambia msikilizaji kwamba alama hazikufika. Fomula haijui hivyo, bado inauliza. Neno kama linafaa katika swali lenyewe, "angalia kama alama zimefika 75," lakini likiwekwa karibu na tarakimu hupoteza ukali wake, kwa kuwa "alama kama 75" ni alama zinazokaribia 75. Kinachofaa zaidi ni kiambishi -ki- pamoja na ukanushi wake -sipo-: zikifika, zisipofika. Jozi hii ina sehemu zote mbili za fomula, jibu la ndiyo na jibu la hapana, na kila mzungumzaji anaijua.

Jambo la pili ni mipaka. Watafsiri wengi huandika "zaidi ya 75" wakikusudia 75 na kuendelea. Zaidi ya 75 huanzia juu ya 75. Mwanafunzi aliyepata 75 hasa atanyimwa A aliyoistahili. Neno hadi nalo lina shaka: ofisi iliyofungwa "hadi Ijumaa", je, Ijumaa iko wazi? Lugha yetu imetupa vitenzi viwili vinavyokata shauri. Kufika mpaka ni kuwa juu yake au zaidi. Kupita mpaka ni kuuacha nyuma. Kwa hiyo:

zikifika 75: ni 75 au zaidi (>=)
zikipita 75: ni zaidi ya 75 (>)
zisipofika 75: ni chini ya 75 (<)
zisipopita 75: ni 75 au chini yake (<=)

Mtafsiri akizishika jozi hizi mbili hatahitaji maelezo ya ziada ya mabano wala "ikiwa ni pamoja na".

Mizani yetu, ikiandikwa kwa masharti bila jedwali, husomeka hivi: alama zikifika 75, A, zisipofika, zikifika 65, B, zisipofika, zikifika 45, C, zisipofika, zikifika 30, D, zisipofika, F. Kwa lugha ya kompyuta:

=IF(C5>=75,"A",IF(C5>=65,"B",IF(C5>=45,"C",IF(C5>=30,"D","F"))))

Mpangilio lazima uanzie juu. Akianza mtu na "zikifika 30", kila aliyepita hapo atapewa D, hata mwenye 90, kwani sharti la kwanza kutimia ndilo linalofunga swali. Na aandikaye "kuanzia 65 hadi 74" kwa B, na "kuanzia 75" kwa A, atashangaa kumkuta mwanafunzi mwenye wastani wa 74.5 hana daraja lolote: hakufika 75, naye amepita 74. Njia ya kufika na kutofika haiachi pengo la namna hiyo.

7. Mfano mzima

Sasa tuunganishe. Tuchukue shule yenye kidato cha kwanza hadi cha sita. Mizani ni mbili. Ile ya kidato cha nne tumeiona. Tuipe wigo wake jina Madaraja_K4. Ile ya kidato cha sita ina ngazi 0 F, 35 S, 40 E, 50 D, 60 C, 70 B na 80 A. Wigo wake uitwe Madaraja_K6. Safu B ina kidato cha mwanafunzi na safu C ina alama zake. Fomula ni hii:

=IF(C5="","",VLOOKUP(C5,IF(B5<=4,Madaraja_K4,Madaraja_K6),2,TRUE))

Maelezo yake kwa Kiswahili ni haya: Seli ya alama ikiwa tupu, acha tupu. Isipokuwa tupu, tafuta alama hizo kwa utafutaji wa ngazi. Kidato kisipopita cha nne, tafuta katika Madaraja_K4. Kikipita, tafuta katika Madaraja_K6. Kisha leta kilichomo katika safu ya pili.

Sharti la kwanza si pambo. Seli tupu ikitumiwa kama ufunguo huhesabiwa kuwa sifuri, na sifuri katika ngazi zetu ni F. Mwanafunzi aliyelazwa hospitali siku ya mtihani angeandikiwa kwamba amefeli. Kati ya kutofanya mtihani na kufeli kuna tofauti kubwa katika maisha ya kijana, nayo inalindwa na maneno machache mwanzoni mwa fomula.

Mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye alama 72 atapewa B. Wa kidato cha sita mwenye 72 atapewa B vilevile, lakini kwa ngazi nyingine. Mwenye 62 atapewa C katika mizani zote mbili, na mwenye 77 atapewa A katika kidato cha nne na B katika kidato cha sita. Mwalimu anayeijaribu fomula yake asitumie alama za katikati tu. Atumie zile za mipakani, 29 na 30, 74 na 75, kwani huko ndiko makosa hujificha.

Divisheni nazo hutafutwa kwa njia iyo hiyo. Pointi za masomo saba bora hujumlishwa, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5, na ngazi huanzia 7 kwa divisheni ya kwanza, 18 kwa ya pili, 22 kwa ya tatu, 26 kwa ya nne na 34 kwa sifuri. Hapa ngazi kubwa ndiyo matokeo duni, lakini utafutaji haujali sifa, hujali mpangilio wa namba.

Mizani hubadilika. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014 yalitolewa kwa wastani wa pointi, na yale ya mwaka 2015 yakarudi kwenye divisheni. Aliyeandika mipaka ndani ya kila fomula alilazimika kuzirekebisha zote. Aliyeiweka katika wigo wenye jina alirekebisha jedwali moja, na kazi ikaisha.

8. Istilahi zinazopendekezwa

Safu: mpangilio wa seli kutoka juu kwenda chini.
Mstari: mpangilio wa seli kutoka kushoto kwenda kulia.
Wigo: kundi la seli zilizopakana, lenye mpaka unaojulikana.
Wigo wenye jina: wigo unaoitwa kwa neno badala ya anwani.
Ufunguo: thamani inayotumiwa kutafuta jambo jedwalini.
Utafutaji wa mlingano: utafutaji unaodai ufunguo ulingane sawasawa na kilichoandikwa.
Utafutaji wa ngazi: utafutaji unaochagua thamani kubwa kuliko zote zisizozidi ufunguo.
Fomula yenye sharti: fomula inayotoa jibu kulingana na kutimia au kutotimia kwa sharti.
Kufika: kuwa sawa na mpaka au kuuzidi.
Kupita: kuuzidi mpaka.

9. Hitimisho

Katika istilahi hizi kumi hakuna neno lililoundwa upya. Yote yamo katika matumizi ya watu, na kilichofanyika ni kulipa kila moja kazi moja na kulizuia lisifanye ya jirani yake. Usanifishaji wa istilahi za kompyuta hauhitaji siku zote maneno mageni au miambatano mirefu. Mara nyingi wahitaji uamuzi tu, na watu kuushika uamuzi huo.

Tunawaomba watafsiri, walimu na watumishi wa umma wazijaribu istilahi hizi katika miongozo na mafunzo yao, kisha watuletee maoni, hasa pale wanapoona neno limekataa kueleweka. Istilahi ambayo mwalimu wa taaluma haielewi ikisomwa kwa sauti mara moja, bado haijafaa kuitwa sanifu.